Mshtuko tunaujua, mserereko hatuuoni

Kwa jambo linalotokea siku moja, sisi tuna utaratibu wake. Mtu akifariki, turubai linafungwa kabla ya saa sita mchana, kamati inakaa, daftari la rambirambi linafunguliwa, na hata jirani ambaye mlikuwa hamsalimiani anakuja na kuulizia kazi ya kufanya. Mtu akistaafu, ofisi inanunua keki, risala inasomwa, mabati na saruji vinakabidhiwa mbele ya kamera. Mtu akianguka kwa kiharusi, gari linapatikana hata saa nane usiku.

Sasa chukua mzee ambaye sikio lake la kushoto limekuwa likizibika kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Hana kamati. Au bibi aliyeacha kwenda gulioni kwa sababu anaogopa bodaboda; hakuna anayewapigia ndugu simu kuwapa taarifa. Wazee wanne waliokuwa wakicheza bao kila jioni wakabaki wawili, msiba wa kila mmoja tunauhudhuria, lakini hakuna anayefika kuwapa pole hawa wawili waliobaki kwa kukosa mchezo wao.

Uzee huja na mabadiliko ya namna mbili: mshtuko na mserereko. Kwa maoni yangu tumewekeza karibu akili yetu yote kwenye mshtuko, nyumbani hata serikalini, wakati kinachowamaliza wazee wetu wengi ni mserereko. Nitasema zaidi ya hapo. Mengi tunayoyaita ya ghafla yalikuwa njiani muda mrefu, na mshtuko mmoja mbaya sana huwa tunauleta sisi watoto wenyewe, kwa mapenzi kabisa.

Tuanze na kiharusi, kwa kuwa hakuna ugonjwa unaosifika kwa ughafla kuliko huo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa sehemu za wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na sehemu za jiji la Dar es Salaam, wakihesabu kila kiharusi kipya. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana kuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316, karibu mara tatu. Miaka michache baadaye, hukohuko Hai, wazee wa miaka 70 na kuendelea walipimwa presha. Karibu 7 kati ya 10 walikutwa nayo ipo juu, na wengi wao walikuwa hawajui.

Yaani mzee anayeanguka bafuni Jumanne asubuhi, familia ikasema "alikuwa mzima kabisa jana," huenda alikuwa na presha ya kupanda kwa miaka 10. Haikumuuma. Haikumzuia kupanda mlima kwenda ibadani. Kipimo chake kinachukua dakika chache na kinapatikana hata zahanati. Hapa ndipo tunapopishana na wazee wetu: wao wanasema haiumi, sisi tunasema hajalalamika, na mkanda wa kupimia presha unaning'inia ukutani zahanati, kilomita mbili kutoka nyumbani.

Suala la fedha nalo lina sura hiyohiyo, japo kwenye mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, hatukulisema hivyo. Wanaokumbuka watanisahihisha kwa ukali wa sauti, si kwa takwimu, maana takwimu ziko wazi. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kanuni mpya za mafao zikatoka, zikapunguza mkupuo, yaani fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25, wafanyakazi wakaja juu, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja kanuni nyingine, asilimia 33 kwa mkupuo na 67 kwa pensheni ya mwezi. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali ikarudisha nyuma kidogo: waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, kisha wakashushwa hadi 33, wakapandishwa hadi 40, na wale ambao mifuko yao ya zamani ilitoa 25 wakawekwa 35.

Tupige hesabu kwa mtumishi mmoja wa kufikirika, miezi 360 kazini, wastani wa mshahara wa kukokotolea ukiwa 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF (1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi, nusu yake ikatolewa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5) aliondoka na milioni 62 taslimu na takriban 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022 (1/580, asilimia 33, mara 12.5) mkupuo ni kama milioni 30.7 na pensheni ya mwezi ni karibu 416,000. Kwa asilimia 40, mkupuo ni milioni 37.2 na mwezi ni kama 372,000.

Mwalimu aliyejenga msingi akisubiri milioni 62 za kuezeka, akaambiwa ni 31, ana haki ya kukasirika, na hasira yake si ya ujinga. Kubadilishiwa sheria ya mchezo dakika ya 85 ni mshtuko, na umesababishwa na watu, haukuletwa na umri. Hata hivyo nitasimama upande usiopendwa. Kwa mtu anayetarajia kuishi miaka 15 au 20 baada ya kustaafu, shilingi 416,000 zinazoingia kila mwezi zina manufaa kuliko rundo la fedha linalomkuta mtu ambaye hajawahi kushika hata robo yake, huku matapeli, wachungaji wa mtandaoni, mashemeji wenye wazo la biashara na mafundi wa nyumba wakiwa wameshapata tarehe ya malipo kabla yake. Sharti langu ni moja: hiyo ya mwezi iende na bei za sokoni. Pensheni inayosimama palepale wakati unga na nauli vinapanda inamla mstaafu taratibu, naye hataandamana, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo anaweza kunyoosha kidole na kusema leo ndipo nilipopunjwa.

Semina za wastaafu watarajiwa zinajua habari za fedha. Zinafundisha ufugaji wa kuku, hati fungani, namna ya kuwaepuka matapeli. Zije sasa na somo la jinsi ya kuwa nyumbani mchana. Mke aliyekuwa mtawala wa nyumba kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa miaka 30 anaamka siku moja na kukuta ana msimamizi. Msimamizi huyo ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anauliza kwa nini vitunguu vimekatwa vitatu badala ya viwili, anauliza mgeni aliyepiga hodi alikuwa anataka nini, anazima taa ya stoo. Hana nia mbaya. Alizoea kusaini. Sasa hakuna cha kusaini isipokuwa vitunguu. Nimewasikia kina mama wakilisema hili kwa kicheko kwenye vikoba, lakini chini ya kicheko kuna ndoa zinazochakaa mwaka wa kwanza wa kustaafu. Mbona mke haalikwi kwenye semina hiyo? Yeye naye anaanza maisha mapya siku hiyohiyo, na hakupewa hata kipande cha keki.

Nirudi kwenye mserereko wenyewe, ule wa mwili, maana ndio unaodharauliwa zaidi. Nenda kwa wakala yeyote wa kutoa fedha tarehe za mwanzo wa mwezi. Utamkuta bibi anampa kijana wa dirishani simu yake, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, moja, tisa, nne, foleni nzima ikisikia. Watu wanacheka au wanasonya. Bibi huyo aliuza ndizi sokoni miaka 40 na hakuna aliyewahi kumpunja hata senti. Anajua maana ya siri. Ila maandishi ya kwenye kioo cha simu yamekuwa ukungu, na ni afadhali amwamini kijana wa dirishani kuliko kukiri mbele ya watu kwamba haoni. Baadaye mjukuu anajitolea kumsaidia, na kuanzia siku hiyo mjukuu anajua salio la bibi. Baba wa mjukuu naye anajua. Miezi mitatu baadaye bibi haulizwi tena fedha zake zitumike wapi. Amenyang'anywa mamlaka yake yote juu ya mfuko wake bila mtu yeyote kukusudia kumwibia, na chanzo ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao operesheni yake ni fupi na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Masikio ni hivyohivyo, ila yenyewe yanamharibia mtu sifa. Mzee asiyesikia vizuri anaitwa mkaidi. Kwenye kikao cha ukoo anacheka wenzake wanapocheka, anatikisa kichwa wanapotikisa, na siku moja anajibu swali ambalo halikuulizwa. Kuanzia hapo anaachwa nje ya mazungumzo kwa heshima zote. Kamisheni ya wataalamu iliyoandika kuhusu ugonjwa wa kusahau katika jarida la The Lancet mwaka 2020 iliuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 12 yanayochangia ugonjwa huo na yanayoweza kushughulikiwa. Mwaka 2024 waliongeza upungufu wa kuona ambao haujatibiwa. Sishangai. Akili inayonyimwa mazungumzo na sura za watu itafanya kazi kwa chakula gani?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii: kumhamishia mama mjini.

Mnajua inavyokuwa. Baba amefariki, amezikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ndugu wametawanyika. Watoto wanabaki siku tatu au nne zaidi, wanakaa sebuleni na kuangaliana. Mama atabaki na nani? Mkubwa anasema hawezi kulala usingizi akijua mama yuko peke yake. Wa pili ana chumba cha wageni Mbezi. Binti anasema hospitali za Dar ni nzuri. Baada ya arobaini, wakati mwingine hata kabla, mama anapandishwa gari akiwa na begi moja na vitenge vilivyonunuliwa kwa ajili ya msiba. Ng'ombe anauzwa. Kuku wanagawiwa. Nyumba inafungwa kufuli, ufunguo unabaki kwa jirani.

Mama wa rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Masama, hukohuko Hai, alipitia njia hiyo. Nilikuwa nikienda kwao mara kwa mara, kwa hiyo nilimwona. Nyumba ni nzuri, malumalu hadi barazani, ua umewekwa pevingi, geti linafungwa muda wote. Siku za mwanzo alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatafuta ufagio, anafagia pevingi ambayo haina jani hata moja. Dada wa kazi aliambiwa amwahi. "Mama, pumzika, umefanya kazi sana maisha yako yote." Akapumzika. Akakalishwa kwenye sofa mbele ya televisheni, miguu ikavimba, akaanza kuogopa malumalu kwa sababu aliteleza mara moja, kwa hiyo akapunguza hata kwenda chooni, kwa hiyo akapunguza kunywa maji. Majirani hakuwajua. Jirani wa Mbezi unamjua kwa rangi ya gari lake. Jumapili walimpeleka kanisani kwa gari, kwenye usharika wa watu 2,000 ambao hakuna aliyemwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anauliza asubuhi, "Leo zamu ya kukata majani ni ya nani?" Majani ya ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Watoto wakasema mama amechanganyikiwa tangu afiwe. Daktari akasema ni dalili za ugonjwa wa kusahau, na yawezekana kabisa alikuwa sahihi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa huo kwa takriban asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa hiyo si jambo la ajabu hata huko mlimani. Ila ugonjwa huo huanza miaka kabla ya mtu kugundua, na mtu aliye nyumbani kwake anaweza kuishi nao muda mrefu bila kuonekana. Mikono inajua kopo la chumvi lilipo. Miguu inajua njia ya mferejini. Kengele ya kanisa inamwambia saa. Jirani akipita anamwita, "Mama, leo Jumatano, kuna kikundi." Nyumba, njia na majirani vinamkumbukia yale ambayo kichwa kimeanza kuyaachia. Ukimtoa hapo ghafla, muda mfupi baada ya kumpoteza mtu aliyeishi naye miaka 50, unaondoa nguzo zote kwa mkupuo, kisha unashangaa paa kuinama.

Alirudi Masama Desemba, pamoja na watu wote wanaopanda mlima kula sikukuu, na Januari akagoma kuondoka. Nisiwadanganye kwamba alipona. Anasahau, na anazidi kusahau. Lakini anasahau akiwa anatembea, anasahau akiwa anaitwa kwa jina lake, na anakumbuka vizuri kabisa mkungu upi wa ndizi haujalipwa na nani. Watoto walimtafutia binti wa kukaa naye, wakaweka vishikio vya chuma chooni, wakanunua mbuzi wawili. Ukichukua fedha walizokuwa wakitumia Dar kwa dada wa kazi, hospitali na mafuta ya gari, sidhani kama wanatumia zaidi.

Mila zetu zilikuwa na breki mahali hapa, na tumezing'oa bila kujua zilikuwa zinazuia nini. Kwa Waislamu, mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na msingi wake ni kuikaa katika nyumba ile alimofiwa. Vijana wa siku hizi wengi wanaiona eda kama kifungo cha mwanamke, na wapo wanaomharakisha mama aimalize ili wapate kumsafirisha. Mimi naiona pia kwa jicho jingine: kwa zaidi ya miezi 4 hakuna mtoto, shemeji wala mjomba mwenye ruhusa ya kumhamisha mama, kuuza kitanda chake, au kumfanyia uamuzi mkubwa akiwa bado anamwita marehemu usiku. Analetewa chakula, anatembelewa, anazungumza na wanawake wenzake waliofiwa kabla yake. Mshtuko unapewa muda wa kupoa.

Wachaga nao walikuwa na lao. Kitinda mimba wa kiume ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi, na urithi huo ulikuja na kazi: alibaki. Mama hakuulizwa atakaa wapi, kwa kuwa swali lenyewe halikuwepo. Leo kitinda mimba yuko Tegeta au Houston, urithi anaukubali, kubaki hakuwezekani, na hakuna aliyekaa kikao kuuliza kazi ile nyingine aliachiwa nani. Wa Houston anatuma dola kila mwezi na ameweka kamera barazani ili amwone mama. Simlaumu. Ila kamera inamwona mama akianguka; haimshiki mkono.

Wapo watakaosema naandika mashairi ya kijijini. Najua. Kuna mama anayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na hospitali yenye mashine iko mbali na kwao. Kuna kijiji ambacho wezi wanajua nyumba ya mjane, na kuna maeneo ya Kanda ya Ziwa ambako mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe ameshawahi kuitwa mchawi na kuuawa. Hapo hamisha, tena haraka. Kuna pia mama anayetaka mwenyewe kuja mjini, aliyechoka na mlima, anayependa tamthilia za jioni na bomba la maji ndani. Huyo mleteni na mmwache afagie pevingi yake.

Kinachonikera ni uharaka na kimya. Kama kuna uwezekano kwamba siku moja mama ataishi kwenu, mbona hajaja hata mwezi mmoja baba akiwa hai? Angekuwa ameshajua choo kilipo usiku, ameshagombana na dada wa kazi na kupatana naye, ameshajua muuza mboga wa mtaani kwenu na kanisa au msikiti ulio jirani. Angerudi kwake, kisha akaja tena. Mshtuko ungekuta njia imeshalimwa. Na akija, aje na kazi. Mpeni kipande cha ua kisichokuwa na pevingi, mchicha hauhitaji eneo kubwa. Nyumba ya huko juu isifungwe hadi mwaka upite, na ng'ombe asiuzwe wiki ya msiba, maana kumnunua tena ni kazi kuliko kumlisha.

Serikali nazo zina funzo moja zuri karibu, na si geni. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mtumishi, mvuvi au mkulima wa mwani. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Bara hatuna kitu cha namna hiyo kwa kila mzee. Tuna ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea ambao kila mwenye mzazi anajua unaishia kwenye dirisha la dawa zisizokuwepo. Shilingi 50,000 haimtajirishi mtu. Lakini inaingia kila mwezi, kwa jina lake, kwa mwendo uleule wa uzee wenyewe. Bibi wa Makunduchi, Zanzibar, anaweza kumpa mjukuu daftari badala ya kumwomba nauli, na anaweza kumlipa binti wa jirani amchotee maji, hivyo akabaki kwake miaka mitatu zaidi. Ukiniuliza ni sera gani ya wazee ingepunguza safari za akina mama wanaohamishwa na begi moja, ningeanza na hiyo, kisha mkanda wa presha unaozunguka nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya ya jamii, kisha miwani.

Ila sera haitaingia sebuleni siku ya tatu baada ya mazishi. Pale mpo ninyi, na mama yupo pembeni, kwenye mkeka, amejifunika khanga. Mnajadili habari zake kana kwamba ni shamba. Halafu mmoja anakumbuka kumuuliza. "Mama, unasemaje?" Naye anajibu, "Mtakavyoona ninyi wanangu." Mnaandika kwamba mama amekubali.

Hakukubali. Mwanamke wa umri wake, mbele ya wanawe wa kiume na wakwe zake, siku chache tangu azike, hawezi kusema sitaki kwenda kwa fulani bila kumwaibisha fulani. Acheni zipite wiki kadhaa, kisha mtumeni dada yake, au yule shoga yake wa kwaya, amuulize wakiwa wawili jikoni wanamenya ndizi, ninyi mkiwa mmeshaondoka. Jibu atakalowaletea huyo mpokeeni, hata kama linamaanisha mmoja wenu atapanda basi la Moshi kila mwezi.